Simu ya mfungwa inakataa sauti, inakatika au inaandikwa visivyo: tafuta chanzo hivi

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu wanaozungumza Kiswahili ambao mtu wao yuko jela ya kaunti au gereza la jimbo huko Marekani: familia zilizotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale zikahamishiwa Lexington, Phoenix, Dallas au Des Moines, na wengine waliofika kwa njia zao. Wa pili ni wakalimani wenzangu, pamoja na wasaidizi wa mawakili, wanaoletewa karatasi iliyoandikwa na kompyuta na kuulizwa: "Ni kweli alisema hivi?"

Simu za wafungwa Marekani husikilizwa na kurekodiwa, na tangazo la mwanzo linasema hivyo waziwazi. Ukiendelea kuongea baada ya tangazo, mahakama za kule kwa kawaida zinahesabu kwamba umekubali. Hapa hakuna mbinu ya kukwepa usikilizaji huo, na anayemshauri mfungwa akwepe anamtafutia kunyimwa simu kabisa. Shida ninayoishughulikia ni nyingine: mtu anayefuata kanuni zote anakataliwa na mashine, au mashine inamwekea mdomoni maneno ambayo hakuyasema.

Kabla ya kugombana na askari wa jela, fahamu kwamba unachokiita "mashine" ni mashine tatu zilizouzwa pamoja. Ya kwanza inauliza ni nani anayeongea. Hii inalinganisha sauti na alama ya sauti iliyohifadhiwa. Ya pili inauliza amesema nini. Hii inageuza maneno kuwa maandishi na kutafuta maneno iliyoagizwa kuyatafuta. Ya tatu haijali mtu wala maneno, inasikiliza laini yenyewe ili kujua kama kuna simu nyingine iliyounganishwa. Kila moja inaharibika kwa namna yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Swali la kwanza kwa kila dalili ni hili: ni ipi kati ya hizo tatu iliyokosea?

DALILI: Mfungwa anapiga, anataja jina lake, mfumo unasema sauti haikutambuliwa

Hii ni ya mashine ya kwanza. Siku mtu anapopokelewa, huombwa ataje jina au arudie sentensi fulani mara kadhaa. Programu inachambua sauti hiyo na kuhifadhi muhtasari wake wa namba. Kila anapopiga simu, sauti mpya inalinganishwa na ule muhtasari na kupewa alama. Alama ikivuka kizingiti, simu inapita, isipovuka, inakataliwa. Kizingiti kikipandishwa, wenyewe wanakataliwa. Kikishushwa, wasio wenyewe wanapita. Hakuna mahali pa kukiweka ambapo makosa yote mawili yanakwisha, na anayeamua kiwekwe wapi ni binadamu.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni usajili wenyewe. Fikiria mtu aliyekamatwa usiku, hajalala, anaambiwa kwa Kiingereza asichokielewa vizuri arudie maneno ndani ya chumba chenye kelele za milango na watu. Atanong'ona, atasita, atakatiza. Sauti hiyo ndiyo inayohifadhiwa kama "yeye", na kesho akiongea kawaida anaonekana mtu mwingine. Kwa wasemaji wa Kiswahili nimeona jambo hili lina uzito kuliko mengine yote, na ndilo rahisi kurekebisha.

Cha pili ni jina. Fomu za Marekani hupenda kupindua majina: la baba linakwenda mwanzo, la ubatizo linakwenda mwisho, la katikati linapotea. Siku ya usajili alisoma jina kama lilivyoandikwa kwenye fomu. Leo anataja jina analoitwa nyumbani. Kama mfumo unategemea maneno yaleyale yarudiwe, hilo pekee linatosha kumwangusha. Mwulize alitamka nini hasa siku ile.

Cha tatu ni chombo. Simu ya ukutani hupitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, kiwango cha kale cha simu za mezani. Kompyuta kibao zinazogawiwa wafungwa siku hizi zinatumia maikrofoni nyingine na njia nyingine ya kubana sauti. Aliyesajiliwa kwa moja na kupiga kwa nyingine anaweza kukataliwa hata akiwa mzima wa afya. Halafu kuna mwili: mafua, meno yaliyong'olewa, kiharusi, kigugumizi kinachozidi mtu anapoogopa.

Kuvitenganisha, fanya hivi. Kama simu ile ile inawakataa wengi wa bweni, tatizo ni simu. Kama inamkataa yeye jioni tu na asubuhi inampokea, tatizo ni kelele. Kama inamkataa yeye peke yake kwenye kila simu na kila saa, tatizo ni muhtasari uliohifadhiwa, na dawa yake ni kusajiliwa upya. Ombi la kusajiliwa upya liandikwe, lisiishie mdomoni, na litaje mambo mawili: afanyiwe mahali tulivu, na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mwenye kigugumizi au aliyepata kiharusi ataje pia ulemavu huo kwa jina, kwa sababu sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inazihusu jela na magereza.

DALILI: Simu inakatika katikati ya mazungumzo, kisha mfungwa anaambiwa amevunja kanuni

Hapa mshukiwa wa kwanza ni mashine ya tatu. Inatafuta dalili za simu kuunganishwa na mtu wa tatu: mlio mfupi wa kubofya, kimya cha ghafla kinachofuatwa na mabadiliko ya kelele za nyuma, sauti ya laini inayobadilika ghafla. Haioni kilichotokea nyumbani kwako. Inasikia mlio na inahukumu kwa mlio.

Mengi tunayoyafanya kwa nia njema yanatoa milio hiyo hiyo. Simu ya pili inaingia wakati mnaongea na mlio wake unasikika. Umemwomba asubiri kidogo ukafungue mlango. Umebonyeza kitufe cha kunyamazisha maikrofoni ili mtoto anayelia asisikike, na laini ikawa kimya kabisa. Namba uliyoandikisha huhamisha simu kwenda namba nyingine. Umeingia kwenye lifti, au umetoka kwenye mtandao wa nyumbani ukashika minara. Zima huduma ya simu ya pili kabla ya muda wa kupigiwa, kaa mahali pamoja, usibonyeze chochote. Ukifanya hayo na simu bado ikakatika, andika tarehe, saa na dakika iliyokatikia. Bila hivyo malalamiko yako hayana pa kushikia.

Kuna desturi yetu moja ambayo sina budi kuisema waziwazi. Kwetu simu ya ndugu aliye mbali haiongelewi na mtu mmoja. Bibi anapewa amsalimie, watoto wanapangwa foleni, jirani anapita anatupia neno. Kupokezana simu ndani ya chumba kimoja mara nyingi hakuna shida upande wenu, ingawa laudspika yenye mwangwi inaweza kuisumbua mashine, na baadhi ya jela zinataka aongee mwenye namba tu. Ulizia kanuni ya pale. Hatari kubwa ni pale mnapomtafuta mama aliye Uvira au Kigoma kwenye simu ya pili na kuzikutanisha simu mbili ili mwanawe amsikie. Najua kwa nini watu wanafanya hivyo. Inaumiza mama kutosikia sauti ya mwanawe mwaka mzima. Lakini ndicho hasa kitu ambacho mashine ile ilitengenezwa kukikamata, na adhabu inamwangukia aliye ndani. Uliza kama jela hiyo inaruhusu kupiga nje ya nchi moja kwa moja, au kama mama anaweza kuandikishwa kwa ziara ya video.

Upande wa ndani kuna mtego mwingine. Mifumo kama Investigator Pro, inayouzwa na kampuni ya Securus, haithibitishi sauti mwanzoni tu. Inaendelea kuilinganisha mazungumzo yanapoendelea. Mfungwa akimpa mwenzake simu "amsalimie mama yangu kidogo", mfumo unasikia sauti ya mtu ambaye namba ya siri iliyotumika kupiga simu hiyo si yake. Kwao hiyo ni kuazimana namba ya siri. Nia ilikuwa salamu tu, lakini rekodi haiandiki nia.

Kuhusu pesa iliyokatwa kwa mazungumzo yaliyokatika, mnaweza kulalamika kwanza kwa kampuni ya simu, kisha kwa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC. Nguvu ya tume juu ya simu za magerezani, zikiwemo zile za ndani ya jimbo moja, iliongezwa na sheria iliyotiwa saini Januari 2023. Inabeba jina la Martha Wright, bibi wa Washington aliyekwenda mahakamani kwa sababu gharama za kuongea na mjukuu wake aliyefungwa zilimshinda. Alifariki mwaka 2015, hakuiona.

DALILI: Mashine inasema sauti ni ya fulani, na fulani anakana

Uliza kwanza swali hili: sauti ililinganishwa na ya mtu mmoja au na hazina nzima ya sauti zilizohifadhiwa? Kumlinganisha mtu na alama yake mwenyewe ni kazi moja. Kuchukua sauti isiyojulikana na kuitafutia mwenyewe ndani ya maelfu ni kazi nyingine, na makosa yake huongezeka kadiri hazina inavyokua. Tuseme mashine inakosea mara 1 tu katika kila ulinganisho 1,000. Ukiipa sauti moja iitafutie mwenyewe ndani ya watu 20,000, utegemee wapatao 20 wasiohusika watatajwa kuwa wanafanana. Na hazina hizi ni kubwa: Januari 2019, vyombo vya habari vya Marekani The Intercept na The Appeal viliripoti kwamba alama za sauti zaidi ya 200,000 zilikuwa zimekwisha kukusanywa katika magereza na jela za Marekani.

Lugha nayo inaingia hapa, ingawa watu hudhani sauti haina lugha. Mifumo iliyofunzwa kwa Kiingereza hupungukiwa inapokutana na lugha ngeni, na wataalamu wanalijua hilo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipoandaa majaribio ya utambuzi wa wasemaji mwaka 2016 ilitumia Kikantoni na Kitagalogi makusudi ili kupima udhaifu huo. Kwa mashine isiyosikia Kiswahili cha kutosha, wanaume wawili wa Fizi, Kongo, wenye umri mmoja wanaweza kuonekana wanafanana kwa sababu tu wote wako mbali na sauti ilizozizoea. Wakiwa ndugu wa tumbo moja, ndiyo kabisa.

Wakili anapaswa kudai alama iliyotolewa, kizingiti kilichowekwa, idadi ya watu waliolinganishwa, na majina mengine yaliyotajwa chini ya jina la mteja wake. Karatasi inayosema "imelingana" bila hivyo vinne haijasema kitu. Madai ya kwamba sauti ni sawa na alama ya kidole yalianza na Lawrence Kersta wa maabara ya Bell Labs mwaka 1962, aliyelinganisha sauti kwa michoro yake, na mwaka 1979 jopo la akademia ya taifa ya sayansi ya Marekani likaonya kwamba ushahidi wa kisayansi haujafika huko. Mashine za leo ni bora mno kuliko michoro ya Kersta. Hata hivyo bado zinatoa makisio yenye alama, na kisio halipaswi kusomwa mahakamani kama ushahidi wa aliyeona.

DALILI: Maandishi ya mazungumzo yana maneno ambayo hayakusemwa

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe, kwa sababu hapa mtu anaweza kuongezewa miaka.

Anza na lugha iliyochaguliwa. Programu nyingi za kuandika sauti hubahatisha lugha kwa kusikiliza mwanzo wa rekodi. Whisper, kwa mfano, hutumia sekunde 30 za mwanzo. Sasa simu ya mfungwa inaanza na nini? Inaanza na tangazo la Kiingereza. Kama hakuna aliyeikata sehemu hiyo, programu inaweza kuamua kwamba mazungumzo yote ni ya Kiingereza na kuanza kulazimisha Kiswahili kiingie kwenye maneno ya Kiingereza. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukurasa mzima wa Kiingereza kisichoungana, majina ya watu yasiyojulikana, sentensi zinazoanza na kufia njiani. Ukiona hivyo usihangaike kusahihisha neno kwa neno. Tupa maandishi yote, omba yafanywe upya.

Kama lugha ilichaguliwa sawasawa, tazama laini. Nguvu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya hezi 4,000, na simu ya kawaida inakata chini ya hapo. Ndiyo maana kwenye simu "sisi" na "fisi" hukaribiana, na sikio la mtu huokolewa na maana ya sentensi. Mashine nayo hujaribu kuokolewa na maana, ila inatumia maana ilizozizoea, na ilichozoea kwa Kiswahili mara nyingi ni sentensi zilizosomwa kwa utulivu kutoka kwenye skrini, kama zile za mradi wa Common Voice. Mazungumzo ya ndugu wawili, mmoja analia, yako mbali sana na hizo.

Kisha angalia mwanzo na katikati ya vitenzi, maana lugha yetu imeweka mambo makubwa kwenye silabi ndogo. Anayesema "nitakupigia" anaahidi simu. Silabi moja ikipotea inabaki "nitakupiga", na hiyo kwa mwendesha mashtaka ni tishio. "Sikumwona" ikikatwa mwanzo inabaki "kumwona", na ukanusho umetoweka. Kukatwa mwanzo si jambo la nadra: programu hunyamazisha laini wakati wa kimya na kuifungua inaposikia sauti, na ikichelewa kufungua, silabi ya kwanza inaliwa. Kila kitenzi kinachoonekana kuwa kukiri kosa, kirudie kwenye rekodi, sekunde mbili kabla na mbili baada.

Tafsiri inafuata maandishi, kwa hiyo makosa yanarithiwa. Makosa yapo hata pale maandishi yalipo sahihi. "Alimpeleka kwa gari usiku" haisemi mwanamume wala mwanamke, upande wowote. Kiingereza kinalazimisha kuchagua, na mashine huchagua kwa mazoea: huyu dume, yule jike. Nikipata tafsiri inayomtaja mwanamume aliyefanya jambo, narudi kwenye Kiswahili kuuliza kama msemaji alisema hivyo au mashine ndiyo iliyoamua.

Maneno yanayotafutwa yana balaa lake. Mifumo hii hupewa orodha, na simu yenye neno la kwenye orodha hupandishwa ili isikilizwe. Orodha hizo huandikwa na watu wanaowaza kwa Kiingereza na Kihispania. Katika Kihispania cha Amerika ya Kati "mara" ni genge. Genge la MS-13 jina lake refu ni Mara Salvatrucha. Neno hilo likiwa kwenye orodha, mama anayesema "nimekupigia mara nyingi, mara nyingine haishiki" amekwisha kuonekana mara mbili katika sentensi moja. Na kama orodha imetengenezwa na mtu anayejua kidogo lugha yetu, atatia "unga", kwa kuwa mitaani ni dawa za kulevya, na kila familia inayoeleza bei ya unga wa ugali itaingia wavuni. Simu kupandishwa si kosa la mtu. Likija onyo kwa sababu hiyo, omba uambiwe neno gani, kwenye dakika gani.

Kiswahili cha Kongo kinahitaji uangalifu wa peke yake. Anayesema "batoto", "minasema", akachanganya Kifaransa cha hesabu na Kibembe cha siri za ukoo, anazungumza vizuri kabisa. Mashine iliyofunzwa kwa Kiswahili sanifu itamsahihisha bila kuulizwa, au itaruka. Si mashine tu: mkalimani wa Mombasa au wa Dar anaweza naye kukwama. Mahakama za shirikisho za Marekani zina mtihani wa kuwathibitisha wakalimani wa Kihispania; Kiswahili hakina, hivyo cheti hakitamwambia wakili kama mkalimani huyu anaelewa Kiswahili cha Bukavu. Itabidi amuulize.

Na pale hakuna aliyeongea kabisa? Kuna dalili ya kutisha: maandishi yana sentensi kamili, nzuri, mahali ambapo rekodi ina kimya au kikohozi. Programu za kizazi cha Whisper zina ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyoandikwa na Whisper vilikuwa na maneno yaliyobuniwa, na katika hayo asilimia 38 yalikuwa na madhara, ikiwemo kutaja ukatili ambao haukutajwa. Kimya kirefu kiliongeza tatizo. Simu za jela zina kimya kingi. Watu hulia.

Wanaosema mashine hizi hazina upendeleo nawakumbusha utafiti wa Stanford wa mwaka 2020 uliopima mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft: katika kila maneno 100, ilikosea kama 35 kwa Wamarekani weusi na 19 kwa weupe. Huo ulikuwa Kiingereza, lugha yao wenyewe, kwa watu waliozaliwa nayo. Sioni kwa nini mtu wa Kalemie kwenye simu ya ukutani atarajie nafuu.

Kwa mkalimani aliyeletewa karatasi hiyo, utaratibu ninaoufuata ni huu. Sisomi karatasi kwanza. Mtaalamu wa isimu wa Australia, Helen Fraser, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu akishasomewa maneno, anayasikia kwenye rekodi isiyo wazi hata kama hayamo, na hana namna ya kuyatoa sikioni. Kwa hiyo naomba rekodi ya asili, si nakala iliyobanwa upya, na pande mbili za simu zikiwa zimetenganishwa kama mfumo unazihifadhi hivyo. Pande zikichanganywa, mashine huweza kumpa mfungwa maneno ya mama yake. Nasikiliza, naandika yangu, na pasiposikika naandika "haisikiki" bila aibu. Ndipo nalinganisha na ya mashine, tofauti kwa tofauti, kwa dakika na sekunde. Penye ubishi juu ya neno zito naomba mkalimani wa pili, wa eneo alilokulia msemaji, naye asikilize bila kuoneshwa ya kwangu. Wakili naye adai jina na toleo la programu, lugha iliyochaguliwa, kiwango cha uhakika kwa kila neno kama kipo, na aliyeihakiki kabla haijafika mezani.

DALILI: Wakili anasikia tangazo la kurekodiwa

Kata simu. Mengine baadaye.

Simu kati ya mtu na wakili wake ina kinga, lakini mashine inajua kinga hiyo kwa namba tu. Namba ya wakili isipoandikishwa kama ya faragha, inarekodiwa kama ya shangazi. Sababu za kawaida: wakili alitoa namba ya mkononi badala ya ya ofisi; ofisi ilibadilisha namba; mteja alihamishwa jela na orodha haikumfuata; au familia ndiyo iliyomwita wakili kwenye simu yao. Hilo la mwisho naomba familia wasilifanye hata kwa dakika moja. Mwaka 2015 The Intercept ilipata kumbukumbu zilizovuja za Securus, zaidi ya simu milioni 70, na ndani yake ikakuta angalau simu 14,000 zilizorekodiwa kati ya wafungwa na mawakili.

Wakili aandikishe kila namba kwa maandishi, apate jibu la maandishi, kisha apige simu ya majaribio isiyo na neno la kesi ili asikie kama tangazo bado lipo. Mkalimani anayeungana nao kutoka ofisi nyingine naye namba yake iandikishwe, kwa sababu kwa mashine ya tatu yeye ni mtu wa tatu.

DALILI: Wewe uliye nje unaambiwa sauti yako imehifadhiwa

Inawezekana. Ripoti ile ya 2019 ilieleza mifumo inayoweka pia alama za sauti za wanaopigiwa, ili kuona nani anaongea na wafungwa wangapi. Illinois ina sheria ya alama za mwili ya mwaka 2008 inayoitaja alama ya sauti kwa jina na kutaka kibali cha maandishi kabla ya kuichukua, lakini sheria hiyo hiyo inawaacha nje wakandarasi wanaoifanyia kazi serikali ya jimbo au ya mtaa. Watu wengi husoma nusu ya kwanza tu wakadhani wana kesi.

Unachoweza kufanya ni kuandika barua mbili: moja kwa jela, kuomba sera yao juu ya sauti za wanaopigiwa na muda wa kuzihifadhi, nyingine kwa kampuni ya simu, kuomba nakala ya taarifa zako na kufutwa kwake. Tumia namba ya akaunti yako, taja namba ya simu na jina la jela, usitaje kesi. Jela ni ofisi ya umma, hivyo ombi la sera linaweza kuwekwa chini ya sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo husika, na sheria hizo zina muda ambao ni lazima ujibiwe. Tunza bahasha na risiti za posta.

Wenye ndugu kwenye simu hizi zaidi ya mmoja, tengeni siku zao. Mtu mmoja anayepigiwa na wafungwa wawili saa moja ile ile ni jambo la kawaida katika ukoo mkubwa, lakini kwenye ramani ya mashine linachorwa kama mtandao, na atakayeisoma ramani hiyo huenda hajui kwetu binamu ni ndugu.